Mtu wa Mlimani, Saizi ya Mtoto

Kosa lenyewe lilikuwa upindo. Ndiyo, upindo wa nguo, na usicheke, watu wameharibiana maisha kwa madogo kuliko hayo. Fundi alikabidhiwa nguo sitini za watoto, akaambiwa azichane kingo ziwe matambara. Akazipinda. Zote sitini, mara mbili mbili, mshono mwembamba ulionyooka, kisha akazipiga pasi, akazipanga mezani na kukaa kusubiri asifiwe.

Bi Mkubwa, mwenye karakana, aliinua ya juu akaigeuza. Akainua ya pili. Akavua miwani.

"Nini hizi?"

"Zile za sikukuu, Bi Mkubwa. Nimemaliza mapema."

"Nimekuuliza nini hizi! Hii ndiyo nguo ya mtu wa mlimani? Tangu lini mtu wa mlimani akajua kupinda nguo?"

Wasichana wa vifungo waliangua kicheko. Mmoja akadakia kwamba mtu wa mlimani hajui hata kuifua, sembuse kuipinda, na kicheko kikaongezeka. Fundi naye akacheka. Utafanyaje? Ukikaa kati ya wanaocheka ukanuna wewe peke yako, wataanza kukutazama vizuri.

Kila mwisho wa mwaka, shule zikikaribia kufungwa, watoto wa mji ule huvalishwa nguo za kuigiza, na karakana ya Bi Mkubwa ndiyo iliyozishona. Ziliuzwa ndani ya maboksi yenye picha. Kulikuwa na boksi la Daktari, la Rubani, la Malkia, la Simba. Na la Mtu wa Mlimani. Kazi mbili, cheo kimoja, mnyama mmoja, na watu wazima na akili zao, wenye mashamba na makaburi yao, nao wametiwa boksini. Ndani mlikuwa na shali iliyochakaa kabla ya kuvaliwa, gunia la kutilia vya wizi, kichupa cha rangi ya kujipaka mashavuni, na jino bovu la plastiki. Ubavuni pameandikwa: saizi ya mtoto.

"Wewe umewahi kuwaona hao watu?" Bi Mkubwa aliuliza, sasa kwa upole kidogo, maana hakuwa mkatili, alikuwa na haraka tu.

"Hapana, Bi Mkubwa. Nasikia tu habari zao."

Muongo! Alizaliwa huko huko, akakulia huko, akashuka mjini akiwa msichana wa miaka kumi na tisa. Mama yake ndiye aliyemfundisha kushika sindano, na kwa upepo wa kwao nguo isiyopindwa mara mbili haimalizi msimu. Sikio lilisikia chana, mkono ukapinda. Hakukusudia ujasiri wowote, masikini. Laiti angekusudia.

Alifumua zote sitini, siku ile na kesho yake, bila malipo. Kisha akazichana kwa mkasi butu, huku Bi Mkubwa akipita nyuma yake na kusema, "Hapo sasa. Hapo ndiyo wenyewe."

Nyumbani walikuwa wanne katika vyumba viwili: Fundi, mumewe aliyekuwa mpaka rangi wa nyumba za watu, binti yao wa miaka minane, aliyeitwa Kidoti kwa ile alama nyeusi ya kidevuni, na Bibi, mama mzazi wa Fundi, aliyeletwa kutoka mlimani mwaka uliopita baada ya kubaki peke yake. Bibi na Kidoti walilala kitanda kimoja na kugombania blanketi moja, na Bibi alimwita mjukuu wake mke mwenza.

"Mke mwenza, jana umeninyima blanketi."

"Na wewe umekoroma mpaka kunakucha, mke mwenza!"

Ukisikia kicheko ndani ya nyumba ile, ujue kimetoka kitandani kwa hao wawili.

Siku Fundi alipomaliza kuchana nguo ya mwisho, Kidoti aliingia mbio na mkoba wa shule ukimpiga mgongoni.

"Nimechaguliwa! Mama, nimepata sehemu kubwa kwenye mchezo wa kufunga shule! Mimi ndiye Mtu wa Mlimani!"

Fundi aliacha kumenya vitunguu. Baba wa mtoto akashusha kikombe cha chai.

"Nani kakuchagua?"

"Mwalimu. Kasema mimi nafaa kabisa, hata rangi sitahitaji kupakwa. Darasa zima walicheka. Na nina maneno mengi kuliko Rubani!"

Hakuwa na huzuni hata chembe, na hilo ndilo lililomkata mama yake maini. Huyo mwalimu alijuaje? Swali la kitoto. Bibi ndiye aliyekuwa akimchukua Kidoti shuleni kila siku saa nane, amesimama getini na shali yake begani, na mwenye macho haambiwi tazama.

"Kesho naenda kwa huyo mwalimu," Fundi akasema.

"Uende ukamwambie nini?" Mumewe alisema chini chini, kama kwamba kuta zilikuwa za jirani. "Kwamba sisi ni nani? Mimi watu wananiachia funguo za nyumba zao. Wanajua nimetoka ng'ambo ya mto huko. Wakijua ni mlimani, funguo nitaziona tena?"

"Mtoto anatukanwa, baba Kidoti."

"Akutukanaye hakuchagulii tusi. Funika kombe mwanaharamu apite. Ni siku moja tu."

"Siku moja, haya. Na kesho yake mwanangu atakuwa nani?"

Mumewe akarudia kikombe chake. Fundi yeye alikwisha kujificha, basi, alizoea, miaka kumi na mbili si mchezo. Ila alijiapiza moyoni tangu siku alipomleta mama yake mjini kwamba lolote na liwe, Kidoti asije akajifunza kumwonea haya bibi yake. Hilo tu. Mengine yote alikwisha kuwaachia wenye mji.

Bibi alikuwa amekaa kitandani, miguu haigusi sakafu, anasikiliza. Lugha ya mjini aliisikia vizuri kuliko alivyoisema.

"Mke mwenza, huyo mtu wa mlimani kwenye mchezo wenu anafanya nini?"

"Anaiba bangili ya Malkia, Bibi. Halafu anakamatwa, Simba anamfukuza, anaanguka."

"Ehee. Na kavaa nini?"

"Matambara."

Bibi akatikisa kichwa polepole. Hakukasirika. Alikuwa na sura ya mtu anayeelezwa habari za ndugu wa mbali asiyemfahamu.

Mwalimu alimpokea Fundi kwa bashasha, akamvutia kiti kile cha kukalia watoto, magoti yakamfika kifuani. Ukutani kulikuwa na michoro ya mchezo: Malkia kwenye kiti chake, na chini yake kitu chenye meno na gunia.

"Mama Kidoti! Binti yako ana kipaji, nakuambia ukweli."

"Nashukuru, Mwalimu. Nimekuja kuhusu hiyo sehemu aliyopewa."

"Si ndogo, ana maneno mengi..."

"Si udogo. Ni kwamba... kuna watu wanatoka huko mlimani. Wengine wana watoto hapa hapa shuleni. Nafikiri watajisikia vibaya."

Kuna watu. Wengine. Alifika mpaka mlangoni mwa neno akashindwa kubisha hodi. Mwalimu alimtazama kwa huruma, na ile huruma ilikuwa mbaya kuliko tusi, maana ilionyesha kwamba anajua yote na amemsamehe.

"Mama, ni mchezo wa watoto. Watoto hawana ubaya. Mbona kuna Simba naye, na simba hajaja kunilalamikia?" Akacheka, akamgusa Fundi begani ili naye acheke. "Kama hutaki, nampa mwingine. Binti yako atashika kamba ya pazia. Ila mtoto mwenyewe alivyofurahi, sijui utamwambiaje."

Fundi aliona pazia, akamwona Kidoti nyuma yake ameshika kamba, anawasikiliza wenzake wakipigiwa makofi.

"Basi abaki. Ila nguo ya boksi asivae. Nitamshonea mwenyewe."

"Hata vizuri! Boksi moja litakuwa limeokolewa," Mwalimu akasema, akaandika kwenye daftari lake.

Hayo alimweleza mama yake jioni, wakiwa wawili tu. Bibi akashuka kitandani, akavuta sanduku lake la bati kutoka uvunguni na kutoa shali. Si ile ya kila siku. Hii ilikuwa ya sufu ya buluu nzito, yenye ukingo mwekundu, aliyoifuma mwenyewe alipoposwa, na akishaivaa siku kubwa aliirudisha ndani ya karatasi.

"Kata," akasema.

"Mama, hii?"

"Kata usawa wa mtoto. Kama ni lazima mtu wa mlimani aonekane, basi na aonekane mtu."

"Ikishakatwa hairudi, mama."

"Na mimi nitarudi wapi? Shika mkasi, mwanangu, usiniuguze."

Fundi alikata. Mara mbili aliweka mkasi chini, akaushika tena. Alipinda mara mbili mbili, na safari hii hakuna aliyemkataza. Alimshonea na blauzi nyeupe ya kuvalia ndani. Kidoti alipandishwa juu ya stuli, Bibi akamfunga shali namna ya kwao, ncha moja juu ya bega la kushoto, akarudi nyuma hatua mbili kumtazama. Machozi yakamlengalenga.

"Mke mwenza, leo umenipita uzuri. Mume atanikimbia."

Kidoti hakujibu utani. Alijitazama kwenye kioo cha kabati, akageuka upande huu na upande ule.

"Mama, gunia langu liko wapi?"

"Huna gunia."

"Sasa bangili nitaitia wapi?"

"Utaishika mkononi, kisha umrudishie Malkia. Na usichutame. Simama wima, useme maneno yako polepole, kama Bibi anavyozungumza na wageni. Umesikia?"

"Wenzangu watasema nimekosea," Kidoti akasema.

"Waache waseme. Bibi atakuwa mbele yako hapo, mtazame yeye."

Usisahau maneno hayo, maana Fundi mwenyewe hakuyasahau tena. Usiku huo alilala na raha ambayo hakuwa nayo kwa miaka. Alijiona kama mtu aliyelipa kitu.

Siku ya mchezo ukumbi wa shule ulijaa wazazi mpaka wengine wakasimama ukutani. Baba Kidoti alipata kazi ya ghafla, au alisema ameipata. Fundi na Bibi walikaa safu ya tatu. Bibi alivaa ile shali yake ya kila siku, akajipaka mafuta, akawa anawaamkia watu kushoto na kulia, na wao wakiitikia kwa nusu mdomo.

Kisha Fundi akamwona Bi Mkubwa. Mjukuu wake ndiye aliyekuwa Malkia! Alikuwa safu ya kwanza, amegeuka nyuma anapunga mkono, na macho yake yalikuwa njiani kufika safu ya tatu. Fundi alichukua mkoba wake kutoka mapajani akauweka kwenye kiti cha baba Kidoti, kilichobaki wazi kati yake na mama yake, yeye akajisogeza upande wa pili. Ilichukua muda wa kumeza mate. Bibi aliutazama ule mkoba, akautengeneza vizuri usianguke.

Mchezo ukaanza. Daktari alimpima Malkia homa. Rubani alizunguka jukwaa mikono ikiwa imetanuliwa. Simba alisahau kunguruma, akakumbushwa kutoka nyuma ya pazia, akanguruma, akapigiwa makofi. Malkia akalala, bangili yake ikaachwa juu ya kiti, na piano ya Mwalimu ikaanza kupiga ule mdundo wa kunyatia ambao kila mtoto mjini anaujua, wa kuingia mtu wa mlimani. Watu wakaanza kucheka kabla hajatokea. Walikuja na kicheko chao kutoka nyumbani.

Kidoti akatoka.

Alitoka wima, shali ya buluu begani, blauzi nyeupe, nywele zimesukwa. Alikwenda mpaka katikati akasimama. Na kile kicheko, ambacho kilikuwa kimekwisha kufunguliwa, kikakosa pa kukaa. Mtu mmoja akauliza kwa sauti, "Huyu nani? Malkia wa pili?" Mwalimu aliacha piano, akaurudia mdundo tangu mwanzo, akidhani mtoto ametoka kabla ya wakati. Nyuma ya pazia Simba alisikika akinong'ona, "Chutama! Kidoti, chutama wewe!"

Fundi aliuma kidole. Simama hivyo hivyo, mwanangu. Sekunde chache tu, useme maneno yako, umalize.

Ukimya una uzito kwa mtu wa miaka minane. Kidoti alitazama watu wote wale, ukumbi mzima, nyuso mia mbili zinazongoja kitu ambacho hakuleta. Mdomo ukaanza kumcheza. Akakumbuka alivyoagizwa, akamtafuta Bibi, akamwona pale safu ya tatu, anamchekea, na ufizi wake wote nje.

Akamtazama. Akainama.

Aliinama kidogo tu, kuanzia kiunoni, mikono akaifunga nyuma. Kisha akatembea. Ila hakunyatia kama ilivyo kwenye boksi. Alinyanyua goti juu, akaweka unyayo polepole, akanyanyua la pili, kama mtu anayepanda mlima mkali penye sakafu tambarare. Ndivyo wanavyotembea watu waliobeba kuni kwenye miinuko miaka sitini, na ndivyo Bibi alivyotembea kutoka kitandani kwenda mlangoni, na getini, na njia nzima ya shule. Safu ya nyuma mtu mmoja akacheka. Kidoti alikisikia kicheko kile. Akakipandia.

Akakohoa. Kikohozi cha Bibi, vifupi vitatu na kirefu kimoja. Akafuta mdomo kwa ncha ya shali. Akaweka kiganja sikioni, "Eeh? Eeh?" kama Bibi anapoulizwa kitu na mwenye duka. Akaiokota bangili, akainusa, akaijaribu kwa jino, akaitia kifuani na kujipapasa mara tatu kuhakikisha ipo, vile vile Bibi anavyofanya na pesa ya mkate. Ukumbi ulipasuka. Watu walishikana mabega. Baba mmoja alitoa kitambaa akifuta macho. Hakuna mtoto aliyewahi kuigiza namna ile, kwa sababu hakuna hata mmoja wao aliyewahi kulala kitanda kimoja na mtu wa mlimani.

Bibi naye alicheka, mwanzoni. Alizoea kucheka watu wakicheka, na mjukuu wake alikuwa anapendeza. Kile kikohozi kilipokuja, kicheko chake kikafifia. Akafuatilia kwa makini, shingo mbele, kama mtu anayesikia jina lake likitajwa mahali asipopajua. Mwanamume wa safu ya pili aligeuka nyuma kumshirikisha jirani furaha yake, akamwona Bibi, akamtazama Kidoti, akamrudia Bibi, na masikini wa Mungu, akashindwa kabisa kujizuia. Akamgonga mwenzake kiwiko. Wakageuka wawili. Wakageuka watano.

Hapo ndipo Fundi alipotakiwa kusimama. Alijua. Miguu ilijua. Aliona jinsi atakavyopita kati ya viti, amshike mama yake mkono, wapande jukwaani wamchukue mtoto. Na Bi Mkubwa, huku akipiga makofi mikono ikiwa juu ya kichwa, akageuka na kumwona, akamwashiria kwa furaha, kama kusema, wa kwako huyu? Wa kwako?

Fundi akapiga makofi.

Zawadi ya aliyeigiza vizuri kuliko wote ilikuwa kasha la kalamu za rangi, ishirini na nne, na Kidoti alilikumbatia kifuani. Bi Mkubwa aliwafuata mpaka uani.

"Mtoto huyu hazina! Sijacheka hivi tangu nizaliwe. Hebu niambie, kajifunzia wapi?"

"Anabuni tu, Bi Mkubwa. Ni mtundu."

"Na ile shali, umeishona wewe? Sasa nimeelewa ulikuwa unataka nini na mapindo yako. Kumbe nguo ikiwa nzuri ndiyo inachekesha zaidi, mtu akishatembea! Mwakani tutafanya hivyo. Nitakupa wasichana wawili chini yako." Kisha akamwona Bibi, aliyesimama hatua tatu nyuma yao, mikono nyuma. Kicheko kikamganda usoni. "Na huyu bibi... ni wa kwako?"

Fundi alifungua mdomo. Nitakuapia kwamba alifungua mdomo, na huenda, huenda, ingekuwa ndiyo siku yenyewe. Hatutajua kamwe, kwa sababu Bibi alimtangulia.

"Mimi jirani tu," akasema.

Akainamisha kichwa kwa heshima, akatangulia getini.

Njiani hakuna aliyezungumza ila Kidoti. Alirudia mchezo mzima, nani alicheka, Simba alisahau wapi. Nyumbani baba yake alimrusha juu akamdaka. "Umeshinda? Hongera, mwanangu! Si nilisema ni siku moja tu?" Bibi alikula akamaliza. Alilala kaelekea ukutani, na blanketi lote akamwachia mtoto.

Jumatatu hakwenda getini. Alisema miguu inamuuma. Jumanne pia, na Jumatano shule ikafungwa. Kidoti alimzunguka zunguka, akamwonyesha kalamu, akamchorea nyumba, akamtania kuhusu mume wao, na Bibi akawa anajibu vizuri, kwa adabu, kama anavyojibiwa mtoto wa watu. Mtoto si mjinga. Alijua amevunja kitu, ila hakujua ni kipi, wala hakuna aliyemwambia, kwa kuwa kumwambia kulihitaji mtu mzima wa kuanza na kosa lake mwenyewe.

Alhamisi asubuhi Fundi alikuwa na cherehani lake la nyumbani karibu na dirisha, anashona mashati ya mteja. Bibi alikaa kitandani. Kidoti alikuwa sakafuni na kalamu zake.

"Hebu simama," Bibi akasema. "Nionyeshe. Mimi natembea vipi?"

Kidoti alimtazama mama yake. Mama yake aliutazama mshono.

"Sijui, Bibi."

"Unajua sana. Nionyeshe, sikasiriki."

Kidoti akasimama. Akainama kidogo, akafunga mikono nyuma, akanyanyua goti. Alifika mlangoni, akarudi. Bila watu wa kucheka ulikuwa ni mwendo tu, wa kizee, uliochoka. Alipofika kitandani kidevu kilikuwa kinamtetemeka.

"Kumbe," Bibi akasema. "Miaka yote hii. Kumbe ndivyo." Akashuka, akashika ukingo wa kitanda. "Sasa nionyeshe wao wanavyotembea."

Basi mtoto akamfundisha. Fundi alisikia yote, mguu juu ya pedali, gurudumu limesimama. Usinyanyue goti, Bibi. Buruta kidogo. Mikono iache ianguke. Tazama mbele, usitazame chini, hapa hakuna mawe. Hivi? Hapana, bado goti. Hivi? Bibi alikwenda mlangoni akarudi, mkono ukipapasa ukuta, mgongo umenyooshwa kwa nguvu hata shingo ikatoka mishipa. Kidoti alisahau kulia, akawa anamwelekeza kwa makini kama mwalimu kweli.

"Hapo sawa! Ukitembea hivyo hawatakujua, Bibi. Unaweza kuja hata getini."

"Ahsante, mwanangu."

Bibi alipofika usawa wa cherehani alipumzika, akashika kiti cha Fundi. Alikuwa anahema. Akamtazama binti yake aliyekaa pale, mabega yamenyooka, miguu imelala sakafuni.

"Na wewe ulijifunza lini?"

Fundi hakuinua uso. "Nini, mama?"

"Kutembea hivi. Tangu nimekuja nakuona, nikadhani umechoka tu na kazi."

Nje mtu alikuwa anapita akipiga mluzi. Fundi alitafuta la kusema, akalikosa, akasema la kweli.

"Zamani, mama. Mwaka ule ule nilioshuka."

Bibi alitikisa kichwa kwamba ameelewa. Alimshika bega, akaligandamiza kidogo, akaliachia.

"Ungeniambia," akasema, "nisingekuja na miguu yangu." Akageuka, akarudi mlangoni kuanza tena.